Jina la ukoo Hitler: lilitoka wapi, na kwa nini leo karibu halipatikani

#1 Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu nyote. Swali hili huulizwa mara nyingi kwa mzaha, kwamba ikiwa Ujerumani ina watu zaidi ya milioni 80, inakuwaje hatusikii mchezaji wa mpira, daktari wala waziri anayeitwa Hitler. Jibu linalotolewa haraka ni aibu: vita vilikwisha mwaka 1945, na waliokuwa na jina hilo wakalitupa. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini ni nusu tu ya jambo, na kwa maoni yangu ni ile nusu ndogo. Jina lenyewe lilikuwa adimu hata kabla ya dikteta Adolf Hitler kuzaliwa, na tawi la ukoo wake lilianza kuliandika kwa herufi tunazozijua mwaka 1876, kwa karatasi moja ya mthibitishaji wa nyaraka na kalamu ya padri mmoja wa kijijini.

Kwanza nieleze kidogo mazingira. Katika nchi zinazosema Kijerumani, majina ya ukoo yanayorithiwa yalianza kuenea mijini kuanzia karne ya 12, na vijijini yalichelewa zaidi. Wengine walipewa jina la kazi, ndiyo maana Müller, Schmidt na Schneider, yaani msagaji nafaka, mhunzi na mshonaji, yamejaa kila mahali. Wengine walipewa jina la baba, la sifa ya mwili, au la mahali walipojenga. Kwetu Waswahili, mtoto wa Juma hubeba jina la Juma na mjukuu akaja na jina jingine la baba yake, kwa hiyo jina halisafiri mbali. Kwa Wajerumani jina hukaa, lakini kwa karne nyingi tahajia yake haikukaa, kwa sababu mkulima asiyejua kusoma hakuwa na namna ya kumsahihisha karani. Padri aliandika alivyosikia, na padri aliyemfuata akaandika alivyosikia yeye.

Sasa twende Waldviertel, eneo la misitu na mashamba ya mawe kaskazini magharibi mwa Austria ya Chini, karibu na mpaka wa nchi ambayo leo ni Cheki. Huko waliishi wakulima wadogo walioandikwa Hiedler, Hietler, Hüttler, Hütler na Hitler, na katika matamshi ya huko majina haya yalikaribiana sana hata mgeni asingeweza kuyatofautisha. Ndugu wawili wa kijiji cha Spital ni ushahidi wa kutosha: mmoja anajulikana katika nyaraka kama Johann Georg Hiedler, na mdogo wake, ambaye ni damu moja naye, anajulikana kama Johann Nepomuk Hüttler. Hakuna aliyebadili jina. Ni kalamu tu zilizotofautiana.

Tarehe 7 Juni 1837, katika kijiji cha Strones, mwanamke ambaye hakuwa ameolewa, Maria Anna Schicklgruber, akiwa na umri wa miaka 42, alijifungua mtoto wa kiume aliyebatizwa kwa jina la Alois katika parokia ya Döllersheim; huyu ndiye baadaye aliyekuwa baba wa Adolf. Nafasi ya jina la baba katika daftari la ubatizo ikaachwa wazi, na mtoto akachukua jina la mama, yaani Schicklgruber. Mwaka 1842 Maria Anna akaolewa na yule Johann Georg Hiedler, fundi wa vinu aliyetembea huku na huko akitafuta kazi, lakini huyu hakuchukua hatua yoyote ya kumfanya Alois kuwa mtoto wake kisheria. Mama akafariki 1847, Johann Georg akafariki 1857, na Alois akalelewa Spital nyumbani kwa Johann Nepomuk.

Miaka 19 baada ya Johann Georg kufa ndipo jambo la ajabu likatokea. Alois alikuwa sasa ofisa wa forodha wa serikali, mtu wa sare na cheo, akitumikia Braunau am Inn. Mwezi Juni 1876 yeye na mashahidi watatu walikwenda kwa mthibitishaji wa nyaraka katika mji wa Weitra, wakaeleza kwamba marehemu alikuwa amekiri kuwa ndiye baba wa Alois. Katika hati hiyo jina liliandikwa Hitler. Kisha padri wa Döllersheim akafungua daftari la ubatizo la mwaka 1837, akakata jina Schicklgruber, akabadili maneno ya kuzaliwa nje ya ndoa kuwa ya kuzaliwa ndani ya ndoa, akamjaza Georg Hitler katika nafasi iliyokuwa wazi kwa miaka 39, na pembeni akaandika maelezo ambayo mashahidi waliyathibitisha kwa kuchora misalaba kwa kuwa hawakujua kuandika. Nani alichagua herufi hizo sita? Labda Alois mwenyewe, labda karani, labda hakuna aliyelifikiria jambo hilo hata dakika moja. Mtu aliyetajwa kuwa baba hakujulikana kwa tahajia hiyo alipokuwa hai.

Kwa hiyo tukiuliza jina hili limekwenda wapi, tuanze na idadi ya waliokuwa nalo. Katika tawi hili alianza mtu mmoja tu mwaka 1876. Watoto wake wa kiume waliofikia utu uzima walikuwa wawili, Alois mdogo aliyezaliwa 1882 na Adolf aliyezaliwa tarehe 20 Aprili 1889. Gustav, Otto na Edmund walikufa wangali wadogo, na Edmund aliuawa na surua mwaka 1900 akiwa na umri wa miaka 6 hivi. Adolf hakuacha mtoto. Alois mdogo aliacha wana wawili. Wa kwanza, William Patrick, alizaliwa Liverpool mwaka 1911 kwa mama wa Kiayalandi, akahamia Marekani mwaka 1939, akajiunga na jeshi la majini la Marekani mwaka 1944, na baada ya vita akajiita Stuart-Houston mpaka alipofariki 1987. Wa pili, Heinz, alitekwa katika vita na Wasovieti akafa kifungoni Moscow mwaka 1942. Hapo mstari wa kiume wenye jina hilo ukakatika. Hesabu hiyo ya vizazi viwili inatosha kuonyesha kwamba jina hili lingeweza kupotea katika familia hiyo hata kama historia ingekuwa tofauti kabisa.

Karibuni kwa michango, hasa wenye kujua habari za sheria za majina.

#2 Mchangiaji wa kwanza

Ahsante kwa uzi wenye kina. Nina maswali mawili. Kwanza, kwa nini ofisa wa serikali mwenye karibu miaka 40, ambaye amepanda cheo akiwa na jina la mama yake, ahangaike kulibadilisha wakati baba anayedaiwa amekwisha kuoza kaburini? Pili, niliwahi kusoma kwamba babu halisi alikuwa Myahudi wa mji wa Graz, na kwamba ndiyo sababu ya usiri wote huu. Hilo lina uzito gani?

#3 Mleta uzi

Nianze na la pili, kwa sababu linajibika kwa ufupi. Chanzo chake ni kumbukumbu za Hans Frank, aliyekuwa mwanasheria wa chama cha Nazi na baadaye mtawala wa sehemu ya Poland iliyokaliwa, ambaye aliandika akiwa gerezani Nürnberg kabla ya kunyongwa mwaka 1946. Alidai kwamba Maria Anna alikuwa mpishi katika nyumba ya Wayahudi wa jina la Frankenberger huko Graz. Hakuna hati iliyoonyesha kwamba mama huyo aliwahi kuishi Graz, wala kwamba kulikuwa na familia ya Kiyahudi ya jina hilo mjini humo wakati huo, na wanahistoria wengi wameitupa habari hiyo. Wanaobishana kwa uzito hubishana kuhusu ndugu wawili wa Spital: je, baba alikuwa Johann Georg aliyemwoa mama, au Johann Nepomuk aliyemlea mtoto?

Hapo ndipo swali lako la kwanza linapopata mwanga. Johann Nepomuk alikuwa na mabinti watatu na hakuwa na mwana wa kiume wa kurithi jina, na shamba alikuwa nalo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba yeye ndiye aliyelisukuma jambo hili, akitaka kijana aliyemlea na aliyefanikiwa kuliko wote pale kijijini abebe jina la ukoo, na huenda ahadi ya mali ikawa nyuma yake. Mmoja wa mashahidi watatu alikuwa mkwewe. Johann Nepomuk alifariki 1888, na mwaka huohuo Alois akanunua nyumba yenye shamba katika eneo hilohilo. Kila mmoja apime mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo mimi hulihesabu kuwa ndilo zito kuliko yote katika mkasa huu wa daftari. Mke wa tatu wa Alois, Klara Pölzl, alikuwa mjukuu wa Johann Nepomuk. Alois angebaki Schicklgruber, mtoto asiye na baba kisheria, Kanisa lisingekuwa na sababu ya kuuliza undugu. Lakini kwa kuwa sasa aliandikwa mtoto wa Johann Georg, kisheria akawa ndugu wa karibu wa huyo Klara, na mwaka 1884 walilazimika kuomba ruhusa maalumu ya Kanisa kupitia Linz, ikapelekwa hadi Roma, ndipo wakafunga ndoa Januari 1885. Kalamu iliyompa jina ilimpa pia kizuizi cha ndoa.

Na mtu asishangae kwamba padri ndiye aliyefanya kazi ya serikali. Ujerumani ilianzisha ofisi za kiraia za kuandikisha vizazi, ndoa na vifo nchini kote tarehe 1 Januari 1876, lakini Austria iliendelea kutumia madaftari ya parokia kama kumbukumbu rasmi za serikali mpaka baada ya kumezwa na Ujerumani mwaka 1938.

#4 Mchangiaji wa pili

Naunga mkono hoja ya mleta uzi kwa kutumia mlinganisho ambao hajautaja. Kama aibu peke yake ingetosha kufuta jina, basi majina ya viongozi wenzake Hitler yangefutika vilevile. Jambo hilo halikutokea. Göring, jina lililotokana na jina la kale la mtu, bado lipo. Mwanasiasa wa chama cha Kijani, Katrin Göring-Eckardt, aliyewahi kuwa makamu wa spika wa Bunge la Ujerumani, analo na hana undugu na yule mkuu wa jeshi la anga la Hitler. Himmler bado lipo, na mmoja wa wajukuu wa ndugu yake Heinrich Himmler, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha SS, ameandika kitabu kuhusu familia hiyo kwa jina lake halisi. Hess, linalohusiana na jimbo la Hessen, limeenea sana hata hakuna anayeligeukia. Mfano ulionishangaza kuliko yote ni wa Mengele: kiwanda cha familia hiyo cha mashine za kilimo huko Günzburg, Bavaria, kiliendelea kuuza matrela ya kubebea majani na mashine za kusambaza mbolea kwa jina hilohilo kwa miongo mingi baada ya vita, na wakulima waliyanunua huku Josef Mengele, daktari wa kambi ya mauaji ya Auschwitz, akisakwa Amerika Kusini.

Tofauti ni nini? Majina hayo yalikuwa na watu wengi, katika mikoa mingi, wasiohusiana. Mwenye jina la Hess akiulizwa anaweza kusema, "Mimi si wa huyo," na kila mtu ataamini, kwa sababu kila mtu anamjua Hess mwingine. Mwenye jina la Hitler hakuwa na pa kujificha namna hiyo. Kwa hiyo mimi ningesema mambo mawili yalikutana: uchache ulioelezwa hapo juu, na kwa sababu ya uchache huo, aibu ikawaangukia wote kwa ukamilifu.

#5 Mchangiaji wa tatu

Mleta uzi, nakubaliana na mengi, ila nina kipingamizi. Katika jimbo la Ohio, Marekani, wilaya ya Pickaway, karibu na mji wa Circleville, kuna barabara zinazoitwa Hitler Road, tena zaidi ya moja, kuna Huber-Hitler Road, na kuna makaburi yaitwayo Hitler-Ludwig. Vibao vipo mpaka leo. Familia hiyo ilifika huko pamoja na walowezi wa mwanzo, miongo mingi kabla ya Alois kwenda Weitra, na mji huo uliwahi kuwa na daktari wa meno wa jina hilo ambaye watu walimheshimu tu kama jirani yao. Sasa utasemaje kwamba jina lilizaliwa 1876?

#6 Mleta uzi

Nashukuru kwa mfano huo, ni mzuri sana na unapaswa kuwa katika uzi huu. Nilichosema ni kwamba tawi la familia hiyo lilianza kuandikwa hivyo mwaka 1876; tahajia yenyewe ilikuwa miongoni mwa zile nilizozitaja za Waldviertel, na ilijitokeza kwingine pia, hata miongoni mwa Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, kila mahali kwa njia yake na kwa watu wachache. Hilo ni jambo la kawaida kwa majina yenye asili ya kawaida.

Kuhusu asili hiyo, wataalamu wa majina wana maelezo mawili yanayoshindana. La kwanza hulihusisha na neno Hütte, yaani kibanda, kwa hiyo Hüttler angekuwa mtu wa kibandani, mkulima mwenye nyumba ndogo na kipande cha ardhi kisichotosha kumfanya aitwe mwenye shamba. La pili hulihusisha na neno la lahaja za kusini, Hiedl, linalotaja mkondo wa maji upitao chini ya ardhi, hivyo Hiedler angekuwa anayeishi karibu na mkondo huo. Mimi huegemea la kwanza kwa tahajia ya Hüttler na la pili kwa Hiedler, nikiamini kwamba majina mawili yenye asili tofauti yanaweza kukutana katika sikio la karani mmoja. Vibanda na vijito viko kila mahali, kwa hiyo si ajabu jina la namna hiyo kuzuka Austria na kuzuka tena kwenye familia iliyovuka bahari hadi Ohio.

Jambo la kuangalia ni hili: Hüttler na Hiedler yangali hai, na Schicklgruber nalo lipo Austria mpaka leo, na wenye nalo wanaishi bila kusumbuliwa. Iwapo mthibitishaji wa Weitra angeandika kama alivyoandikwa Johann Nepomuk, dunia ingekuwa inalichukia jina Hüttler, na tungekuwa tunajadili hapa kwa nini hilo limepotea, ingawa kwa wingi wa wenye nalo naamini lisingepotea kwa urahisi hivi.

Niongeze habari ya mahali. Mwaka 1938, baada ya Austria kutwaliwa, eneo la Döllersheim liligeuzwa uwanja wa mazoezi ya kijeshi, na watu wapatao 7,000 wakahamishwa kutoka vijiji zaidi ya 40. Strones, alikozaliwa Alois, kilitoweka kabisa. Wapo wanaosema ilifanywa makusudi kuficha habari za ukoo, lakini jeshi lilihitaji uwanja mkubwa na ardhi ya huko ilikuwa duni na yenye watu wachache, na madaftari ya parokia hayakuchomwa, ndiyo maana tunayajua haya yote. Eneo hilo bado ni la jeshi la Austria, likijulikana kwa jina la mji wa Allentsteig, ingawa kanisa la Döllersheim lilikarabatiwa na makaburi yake yanaweza kutembelewa.

#7 Mchangiaji wa nne

Naomba kuuliza kuhusu wanawake wa ukoo huo, maana mmezungumzia wana wa kiume tu. Na je, sheria ya Ujerumani inapiga marufuku jina hili? Nauliza kwa kuwa mwaka 2020 huko Namibia, iliyokuwa koloni la Wajerumani, alichaguliwa diwani wa mkoa wa Oshana aliyeitwa Adolf Hitler Uunona.

#8 Mleta uzi

Huyo wa Namibia ana Uunona kama jina la ukoo. Hayo mawili ya mwanzo ni majina aliyopewa na baba yake, na mwenyewe alieleza baada ya uchaguzi kwamba baba huenda hakujua aliyemwita mwanawe kwa jina lake alisimamia nini. Kwa hiyo hahesabiwi katika ukoo tunaouzungumzia.

Wanawake walikuwa wawili waliofikia utu uzima. Angela aliolewa na Raubal, na watoto wake wakawa Raubal. Paula, dada wa tumbo moja na Adolf, hakuolewa, na tangu mwaka 1936 kaka yake alimtaka atumie jina la Wolff ili asitambulike; aliendelea kujificha nyuma ya jina hilo baada ya vita, akafariki Berchtesgaden mwaka 1960. Kwa utaratibu wa wakati huo, hata Paula angepata watoto katika ndoa wasingebeba jina lake. Kanuni ya Kiraia ya Ujerumani iliyoanza kutumika mwaka 1900 ilimpa mke jina la mume moja kwa moja, na ni mageuzi ya mwaka 1976 yaliyoruhusu wanandoa kuchagua jina la mke kuwa la familia. Majina mengi adimu ya Kijerumani yalifia kwa mabinti kwa njia hii, bila vita wala aibu yoyote. Tangu tarehe 1 Mei 2025 wanandoa wote wawili wanaweza kubeba jina la pamoja lililounganisha ya pande zote mbili, jambo litakaloyaokoa baadhi.

Kuhusu marufuku, jina la ukoo halijapigwa marufuku. Anayezaliwa nalo ni lake, na akitaka kuliacha huomba katika mamlaka ya eneo lake, akionyesha sababu ya msingi. Miongozo ya mamlaka hizo huhesabu kuwa sababu ya msingi jina linalochekesha au kukera, na pia jina lililoenea mno kama Müller au Schmidt kiasi cha kuleta mkanganyiko. Kwa hiyo mwenye jina adimu kupita kiasi na mwenye jina la kawaida kupita kiasi hupanga foleni moja. Baada ya 1945 mwenye jina la Hitler hakuhitaji kumwelezea karani sababu yake kwa kirefu.

Sheria yenyewe inayotumika kwa maombi hayo ni ya tarehe 5 Januari 1938, iliyotungwa na serikali ya Hitler. Mwezi Agosti mwaka huohuo iliongezewa kanuni iliyowalazimisha Wayahudi wenye majina yasiyokuwamo katika orodha ya serikali kujiongezea Israel kwa mwanamume na Sara kwa mwanamke, kuanzia Januari 1939, ili watambulike kwenye kila hati. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1945 na utawala wa mataifa yaliyoshinda vita. Sehemu iliyobaki, inayohusu mtu kuomba kubadili jina lake la ukoo, iliendelea kutumika katika Ujerumani Magharibi, na watu waliotaka kuacha jina la dikteta huyo waliomba kwa sheria iliyopitishwa wakati wa utawala wake.